Kisigino cha Bibi Mezani kwa Komanda

Mimi kukaa kimya siwezi. Bibi husema nilizaliwa na siafu ndani ya suruali, na kwamba mkunga alipata tabu kunishika. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, umfungie kwenye nyumba ya vyumba viwili na duka moja la mbele huko mtaani Buyenzi, kwa sababu juu milimani wanapigana, lise, shule yetu ya sekondari, imefungwa, na kila akichungulia mlangoni kuna mkubwa wa kumwambia rudi ndani. Nilikuwa nimeshasoma kila kitu chenye maandishi, mpaka magazeti yaliyofungiwa sukari na karatasi ya dawa ya minyoo. Nilikuwa nimemwiga mwalimu wetu wa hisabati hadi mbuzi wa jirani wakawa wanageuka wakinisikia. Bado saa ilikuwa ni ile ile, na mizinga kule juu ilikuwa inakohoa vile vile.

Duka la mbele lilikuwa studio ya mjomba, kaka yake mama. Mama mwenyewe alikuwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, na vitenge vyake vya kuuza. Alikuwa anarudi kila barabara ikifunguka. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mwanawe, na siafu.

Studio ilikuwa na kigoda, pazia la bluu, kioo, na kitana kilichofungwa kamba kwenye kioo ili wateja wasikipende sana. Kazi ya mjomba ilikuwa nyuso. "Tazama mbele. Masikio yaonekane. Usicheke." Alikuwa anayasema maneno hayo hata usingizini. Siku zile kipande cha kitambulisho kilikuwa kama pumzi: ukifika kwenye bariyeri ya wanajeshi bila hicho, we acha tu. Kila mtu aliitaka picha yake siku ile ile, ndiyo maana mjomba alikuwa hapigi za rangi. Rangi ilibidi ipelekwe mjini kusafishwa. Nyeusi na nyeupe alikuwa anasafisha mwenyewe, kwenye chumba kidogo ambacho zamani bibi aliweka makaa. Makaa yalihamia chini ya kitanda cha bibi. Kumbuka makaa hayo.

Wiki ile hapakuja hata uso mmoja. Mjomba alikaa kwenye kigoda cha wateja, akawa anazunguka nacho kulia, kushoto, kulia. Nadhani siafu ni wa ukoo. Mwisho akainua kamera, akafungua lenzi, akaigeuza nyuma mbele, akaishika kwa mkono mbele ya tundu.

"Lete soksi yako ya shule," akasema.

"Ya nini?"

"Ya kuziba mwanga. Si ile yenye kunuka."

"Mjomba, zote ni ile yenye kunuka."

Akaizungushia pale lenzi inapokutana na kamera, akaielekeza kwenye kidole gumba chake, akanipa nichungulie. Niliona shamba. Matuta, moja baada ya jingine, yamelimwa kwa uangalifu na mtu mwenye subira kuliko yeyote ninayemjua. Nikasogea kidogo, shamba likayeyuka. Nikarudi, likarudi.

"Hakizungushwi kitu," mjomba akasema. "Unasogea mwenyewe. Na usipumue."

Kuna sheria aliyoiweka palepale, na wala hakutania: nje usipige kitu. Daraja usipige, lori la jeshi usipige, bandari usipige, mlima usipige, hata foleni ya bomba usipige, maana huwezi kujua nani amesimama kwenye foleni. Tukatazamana. Vilivyobaki ni sisi.

Mkanda wangu wa kwanza uliposafishwa mjomba aliunyanyua kwenye mwanga akauliza, "Ulipiga moshi?" Nilikuwa nimetikisika kila picha. Ikanibidi nijifunze jambo ambalo walimu na fimbo zao walishindwa kunifundisha: kutulia kwa muda wa pumzi moja. Si zaidi. Pumzi ikiisha nakuwa mimi tena.

Nilipiga goti langu lenye kovu la baiskeli. Nilipiga shingo ya mjomba kwa nyuma, ile mikunjo mitatu ambayo anasema ni neema na bibi anasema ni ugali. Nilipiga sikio la rafiki yangu, jirani wa nyumba ya pili ambaye tunasoma darasa moja. Nilimpaka mawese ling'ae, na siku nzima nzi walimfuata kama waumini. Kwenye karatasi, sikio lile likawa barabara inayozunguka na kuingia pangoni. Hakuna aliyeona sikio. Na mimi ndicho nilichokuwa natafuta, ingawa nisingeweza kukuambia kwa nini: kitu tulicho nacho sote, ukikisogelea sana, kinaacha kuwa cha mtu.

Kisha nikamwendea bibi.

"Bibi, nataka kukupiga picha."

"Uso wangu apana. Huu uso uko na kazi ya kuonana na Mungu, si ya kuzunguka mu mifuko ya watu."

"Si uso. Kisigino."

Akanigusa paji la uso. "We mutoto, uko muzima?"

"Niko muzima, Bibi."

"Basi ngoja nikioshe."

"Usikioshe!"

Hapo alicheka mpaka akashika ukuta. Visigino vya bibi vilikuwa na nyufa ambazo ungeweza kuficha sarafu. Alituambia alizichimba mwenyewe, mguu kwa mguu, mara zote alizokimbia mtaa na mara zote alizorudi. Na kwa kuwa alilala juu ya makaa na kuyatoa kila asubuhi, kisigino kilikuwa na chembe nyeusi huku na huku. Akalala kifudifudi kwenye mkeka dirishani, akivuta tasbihi na kunisema kwa zamu, nami nikatulia pumzi moja, na nyingine, na nyingine.

Picha ilipotokea ndani ya beseni, chini ya taa nyekundu, mjomba aliacha kutikisa dawa. Ulikuwa mlima. Si "kama" mlima. Mgongo wake ulipanda kutoka kushoto, mabonde meusi yakashuka kila upande, chembe za makaa zikawa nyumba zilizotawanyika mteremkoni kama tulivyozoea kuziona, hakuna mbili zilizogusana, na huko pembeni ambako lenzi ilishindwa pakawa na ukungu wa asubuhi. Kwetu mtu haulizwi kijiji, anaulizwa mlima. Mjomba akaitoa kwa koleo, akauliza polepole, kama anamuuliza mgeni: "Huu ni mlima gani?"

"Wa mama yako," nikamjibu, na kwa mara ya kwanza sikuwa nimemtukana mtu.

Lise ikafunguliwa. Nikabeba picha zangu ndani ya daftari la fizikia, ambalo lilikuwa halina kazi nyingine. Mapumziko tukacheza: nani huyu? Ukikosa, unatoa andazi lako. Sasa elewa, watu wa nchi hii ni mabingwa wa kusoma sura. Mtu akitokea kwenye kona, kabla hajafungua mdomo umeshapima pua yake na urefu wake, na umeshajua umpe salamu ipi na umfiche nini. Tunafanya hivyo hata kwa watoto wachanga. Lakini nilipowawekea kiwiko, mabingwa wote kimya. Wa kwanza darasani akaapa kwamba ni kiazi. Wavulana wawili ambao tangu muhula uliopita hawakuwa wakisalimiana, kila mtu akijua sababu na hakuna aliyeitaja, wakaanza kubishana kama goti langu ni jiwe la kusagia au ni mwezi. Walibishana mpaka kengele. Nilikula maandazi mpaka nikaumwa tumbo.

Ndipo siku moja, njiani kwenda shule, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea Kiriri, kwenye lise yetu, bariyeri ikawa imehamishiwa hapo. Mwanajeshi aliyekagua mifuko hakunizidi miaka mingi; ndevu zake zilikuwa bado zinaomba ruhusa. Akafungua daftari la fizikia.

"Hii ni wapi?"

"Si mahali, shefu. Ni kisigino."

"Cha nani?"

"Cha bibi yangu."

Akaigeuza juu chini, akairudisha. "Na hizi nyumba?"

"Ni makaa, shefu."

"Bibi yako iko na makaa mu kisigino."

"Analala juu yake, shefu."

Sijawahi kusema ukweli mwingi hivyo mfululizo, na kila neno likazidi kuniharibia. Walionijua wangecheka. Yeye alimwita mwenzake, mwenzake akaja na bunduki, wakaunganisha vichwa juu ya picha. Wakageuza nyuma. Nyuma kulikuwa na muhuri wa studio, jina la mtaa na yote, maana mjomba hawezi kuona karatasi ikitoka mlangoni mwake bila kuigonga muhuri. Hata risiti za dagaa anazigonga. Wakabaki na picha zote, wakaniambia nenda shule. Nikapanda nikijiona nimepona. Saa ya mapumziko sikucheza.

Niliporudi, pazia la bluu lilikuwa chini. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, akitazama mbele, masikio yakionekana.

"Wamekamata mujomba wako," akasema. "Na kamera. Wanasema anapigia waasi wa huko juu picha za milima, wajue mahali pa kupita."

Watu walikuwa wakichukuliwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na wengine hatukusikia tena habari zao. Hilo halikuhitaji kusemwa. Bibi alisema tu, "Ngoja nivae vizuri," akaingia ndani.

Alikawia. Mimi nilizunguka studio, nikakifungua kitana, nikakifunga, nikakifungua. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge cha Idi na ushungi mweupe, ananukia sabuni. Tukatembea kwa sababu hakukuwa na gari. Nusu ya njia ndipo nikatazama miguu yake.

"Bibi. Umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Kisigino!"

Alikuwa amekisugua. Alikaa bombani na jiwe lake, akakisugua, akakiosha, akakipaka mafuta, mpaka kiking'aa kama kisigino cha bwana arusi.

"Ulitaka niende kwa mukubwa na matope?" akauliza, kaumia kweli. "Mimi si mutu wa porini. Nilifundishwa."

Nilitaka kucheka na nilitaka kukaa chini barabarani. Ushahidi wote tuliokuwa nao duniani ulikuwa umetiririka kwenye mfereji wa Buyenzi.

Kituo cha wanajeshi kilikuwa nyumba ambayo wenyewe walikuwa wameihama. Sebuleni, mezani, kulikuwa na kamera ya mjomba, picha zangu zote zimepangwa, na ramani. Komanda alikuwa ameinama juu yake, mtu mzima mwenye mvi pembeni, amevaa sandali za plastiki maana buti alizianika. Alikuwa ameweka penseli kwenye ramani, akitafuta bonde moja baada ya jingine. Mjomba alikuwa amekaa sakafuni kwenye kona, mikono nyuma, imefungwa kamba. Hakunitazama. Alimtazama mama yake, na mama yake hakumtazama, kwa sababu angemtazama angelia, na hakuja kulia.

"Salama, mwanangu," bibi akamwambia komanda. "Nimesikia unatafuta kisigino changu."

Wanajeshi wa mlangoni wakakohoa. Komanda hakucheka.

"Mama, mimi najua mlima nikiuona."

"Mimi pia najua muguu wangu. Unisamehe, sikutukani." Kwa maana kumwonyesha mtu unyayo si jambo la adabu, achilia mbali mtu mwenye bastola. Akavua kiatu, akashika bega langu, akapandisha mguu kwenye kiti mbele yake.

Komanda akaleta picha, akaiweka kando ya kisigino. Kimoja kilikuwa na mabonde na nyumba. Kingine kiling'aa na kunukia sabuni.

"Hiki si kile," akasema.

Bibi akatazama picha, akatazama mguu wake, akaelewa kwa nini nilipiga kelele njiani. Hakuomba, hakueleza. Alishuka, akachechemea kiatu kimoja mpaka ukumbini ambako mwanajeshi mmoja alikuwa anapika maharage, akachota makaa yaliyozimika pembeni ya jiko lao, akayaponda sakafuni kwa kiganja, akayakanyaga. Akayakanyaga vizuri, kama anakanyaga mtu. Akarudi akapandisha mguu.

"Haya. Vijiji vyako hivyo."

Safari hii hata wa mlangoni hawakuweza kujizuia. Mmoja alitoka nje kabisa kumalizia kicheko chake. Lakini komanda bado. Basi nikasema, "Komanda, naomba kamera. Sikimbii nayo." Akanipa kwa ishara ya kidevu. Nikageuza lenzi, nikavua soksi yangu palepale, nikaizungushia, na harufu ikawa ushahidi wa kwanza kwamba sidanganyi. Nikamwambia achungulie. Nikamwambia hakizungushwi kitu. Unasogea mwenyewe, na usipumue.

Akasogea. Akarudi nyuma kidogo. Akasogea tena. Nilijua sekunde alipoupata mlima, kwa sababu mabega yake yalishuka. Alikaa hapo muda mrefu kuliko pumzi moja; sijui alipumulia wapi. Kisha, bila kuondoa jicho, akanyoosha kidole mbele ya lenzi, akagusa ufa mmoja mrefu kwenye kisigino cha bibi, polepole, kutoka juu hadi chini.

"Hapa kuna kijito," akasema. "Tulichota maji hapa."

Bibi alishtuka. "Hapo ndipo panauma sana."

"Samahani, mama."

"Uko wa mulima gani, mwanangu?"

Komanda aliondoa jicho, akalifuta, akanirudishia kamera. Kisha akakumbuka yeye ni nani, akaichukua tena. Akafungua mgongo wake, akauvuta mkanda wote nje, mrefu, mweusi, ukajikunja sakafuni kwenye mwanga wa dirisha. Ndani yake mlikuwa na mikono ya mama, niliyoipiga siku barabara ilipofunguka akaja kulala usiku mmoja, akikunja vitenge. Nikaona mikono ile inakwenda.

"Mfungueni," komanda akasema. Akakusanya picha, akanipa: goti, sikio, shingo, kiwiko. Ile ya kisigino akaiweka ndani ya ramani, akaikunja ramani juu yake.

Tulirudi watatu, haraka, jua lilikuwa linashuka na wakati wa watu kufunga milango ulikuwa unakaribia. Mjomba alishika kamera kifuani kama kuku wa kuibiwa. Karibu na kwetu bibi akaanza kuchechemea zaidi.

"Umeumia, Bibi?"

"Apana. Kimoja kimebaki kule, natembea na kingine."

Nyumbani mjomba hakunigombeza, na hilo lilinitisha kuliko ugomvi. Alirudisha pazia la bluu kwenye misumari yake. Akakaa kwenye kigoda, hakuzunguka, akaweka mikono mapajani. Mimi nilikuwa nazunguka studio, nagusa hiki, naacha, nagusa kile, nimeapa kwa kila kitu kwamba sitageuza tena lenzi maisha yangu yote. Ndipo nikaona vifundo vya mikono yake, pale inapokutana na viganja. Kamba ilikuwa imeacha alama zake kwenye ngozi, nyuzi zote, zimesokotana, wazi kabisa, kama njia inayozunguka mlima ikipanda. Na ngozi ilikuwa inaanza kurudi. Upande mmoja njia ilikuwa imeshafutika.

Nikageuza macho. Nimechelewa, ameniona.

"Apana," mjomba akasema.

"Sijasema kitu."

"Umesema. Mwili wako wote unasema."

Bibi alikuwa mlangoni, amevua ushungi. Tulisikia mlio mmoja wa mzinga mbali huko juu, kisha mbwa. Mjomba akatazama mikono yake. Akainuka, akaenda chumba cha makaa, akarudi na mkanda wa mwisho, ule aliouweka kwa ajili ya nyuso, akautia ndani ya kamera yeye mwenyewe. Akasogeza kigoda dirishani, ambako mwanga ulikuwa umebaki kidogo, akalaza mkono kwenye kizingiti.

"Fanya haraka," akasema, "alama zinaondoka."

Nikavua soksi. Nikasogea, nikarudi, nikasogea. Nikatulia.

Kesho yake tuliisafisha. Mjomba aliitoa ndani ya beseni, akaianika kwenye kamba, akasimama mbele yake mpaka ikakauka. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe kwenye muhuri, kama kawaida, ukauinua. Akautazama muhuri, akatazama nyuma ya picha iliyo nyeupe. Akaurudisha muhuri kwenye kopo lake, akafunga kifuniko, akanipa picha.